Uchambuzi wa kisa: mndimu uliopauka katika ua wa Sahare, Tanga

Mndimu unaochambuliwa hapa umesimama katika ua wa nyumba moja ya Sahare, jijini Tanga, hatua chache kutoka ukuta wa jiko, na wakati shida yake ilipoanza kufuatiliwa kwa makini ulikuwa umekwisha kuingia mwaka wa tano tangu upandwe. Ulinunuliwa ukiwa mche wa kubebesha, ndani ya kiriba, katika kitalu kimoja cha kando ya barabara ya Muheza. Kwa miaka miwili ya mwanzo haukumpa mwenye nyumba sababu yoyote ya kulalamika: ulichipua vizuri, ukatoa maua mapema, ukazaa ndimu zilizotosha kachumbari na samaki wa nyumbani. Katika mwaka wa tatu majani machanga yakaanza kutoka yakiwa na rangi ya njano. Mwaka wa nne matawi ya juu yakabaki na majani madogo membamba, maua yakawa yanafunguka kwa wingi baada ya mvua za kwanza za masika kisha yanapukutika karibu yote, na ndimu chache zilizosalia zikawa ndogo, ngumu, zenye maji kidogo.

Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu, mtu mwangalifu, na mti haukukosa mkono wake hata siku moja. Ulimwagiwa maji ya kisima asubuhi na jioni. Jivu la mkaa lilimwagwa shinani kila jiko lilipopakuliwa, maji ya kufulia yalielekezwa huko huko yasipotee bure, samadi ya kuku ililetwa kwa gunia, na sehemu ya chini ya shina ilipakwa chokaa pamoja na ukuta kila sikukuu ilipokaribia. Kadiri majani yalivyozidi kupauka ndivyo jivu na samadi vilivyozidishwa. Majirani nao hawakunyamaza. Mmoja alisema mti umepigwa jicho, mwingine akasema ni mndimu dume na dawa yake ni shoka, na fundi mmoja akapigilia misumari miwili mirefu kwenye shina kwa maelezo kwamba mti mkaidi huzaa ukitishwa.

Nilipoombwa kuutazama, Mwalimu aliuliza uongezewe mbolea gani. Kwa maoni yangu swali hilo ndilo lililoufikisha mti hapo ulipokuwa, kwa kuwa kila mtu aliyekuwa ameupitia alikuwa na kitu cha kuongeza, na hakuna aliyekuwa ameangalia ni majani gani hasa yaliyokuwa yanaugua.

Umri wa jani lenye ugonjwa ni ushahidi wa kwanza katika miti ya jamii ya michungwa. Naitrojeni inapopungua, mti huiondoa kwenye majani ya zamani na kuyapelekea machipukizi, kwa hiyo majani ya chini ndiyo yanayopauka, tena jani zima, mishipa pamoja na sehemu zilizo kati yake. Magnesiamu nayo huhama kwa namna hiyo hiyo. Upungufu wake huanza kwenye majani yaliyokomaa, na jani hubaki na kabari ya kijani karibu na kikonyo huku kingo zikigeuka njano. Chuma na zinki hazihami kirahisi. Zikikosekana kwenye mizizi leo, jani litakalochipua leo ndilo litakalotoka na upungufu, wakati majani ya mwaka jana yanaendelea kuwa ya kijani kana kwamba hakuna lililotokea.

Ndivyo ilivyokuwa hapa. Majani ya chini, yaliyokomaa, yalikuwa ya kijani kilichokolea, ishara ya kutosha kwamba naitrojeni haikuwa na upungufu na kwamba magunia ya samadi ya kuku yalikuwa yanatibu ugonjwa usiokuwepo. Kwenye ncha za matawi, majani mapya yalikuwa ya njano iliyokaribia weupe, na mishipa yake imebaki ya kijani, myembamba, iliyosukwa kama wavu wa dagaa. Hiyo ni alama ya chuma. Chini kidogo ya ncha kulikuwa na majani madogo yaliyosongamana na kusimama wima, yenye kijani kando ya mishipa na mabaka ya njano katikati yake. Hiyo ni alama ya zinki. Isitoshe, ncha za baadhi ya majani makubwa zilikuwa zimeungua na kuwa za kahawia, jambo ambalo halielezwi na chuma wala zinki, na ambalo nitalirudia nitakapofika kwenye maji.

Kabla ya kuendelea ilibidi kuondoa shaka moja nzito. Upo ugonjwa wa bakteria wa jamii ya michungwa uitwao Huanglongbing, usio na tiba, ambao nao hugeuza majani kuwa ya njano na kuyafanya matunda yawe madogo, na mti wenye ugonjwa huo hung'olewa ili usiambukize mingine. Aina yake ya Kiafrika hupendelea nyanda za juu zenye baridi, lakini aina ya Asia huvumilia joto la pwani, na mdudu anayeieneza, Diaphorina citri, aliripotiwa na watafiti hapa Tanzania, mkoani Morogoro, mwaka 2016. Kwa hiyo haikufaa kulipuuza. Kipimo cha kwanza cha kutofautisha hakihitaji maabara: jani huwekwa juu ya meza, huchorwa kwa kalamu duara mbili zinazotazamana, moja kila upande wa mshipa wa kati, kisha rangi zilizo ndani ya duara hizo hulinganishwa. Upungufu wa madini hulipaka jani pande zote mbili kwa ulinganifu. Huanglongbing hupaka mabaka yasiyolingana, upande mmoja njano, upande wa pili kijani mahali pale pale. Tulichora majani ya matawi mbalimbali, na yote yalilingana pande mbili. Kipimo hicho peke yake si hukumu ya mwisho, lakini kikiungana na majani ya zamani yenye afya, na kwa kuwa hatukumwona mdudu huyo kwenye machipukizi, kilitosha kutupeleka kwenye udongo kabla ya kufikiria shoka.

Tulifukua shimo la kina cha koleo moja, mahali ambapo kivuli cha matawi kinaishia. Vidole vinne vya juu vilikuwa udongo mweusi uliochanganyika na jivu. Chini yake koleo liligonga kifusi: vipande vya tofali, maganda ya plasta, kokoto, na bonge la saruji iliyogandia ndani ya mfuko wake, karatasi bado imeshikamana nayo. Mwalimu akakumbuka kwamba nyumba ilipomalizika mafundi walisawazisha ua kwa mabaki yao ya ujenzi, kisha udongo ukatandazwa juu. Mizizi myembamba, ile inayokula, ilikuwa michache na ilikimbilia juu, ikitambaa ndani ya vile vidole vinne vya udongo, yaani mahali pale pale jivu na maji ya sabuni yalipokuwa yanatua.

Mwalimu alileta ndimu ya sokoni kutoka jikoni. Tulichukua gao la udongo wa shimoni, mkavu, tukaweka kwenye kisahani na kukamulia ndimu nzima juu yake. Udongo ulichemka. Povu jeupe lilipanda likichirizika kwa mlio unaosikika, kwa sababu tindikali ya ndimu inapokutana na kaboneti ya kalisiamu, ambayo ndiyo mwili wa chokaa na saruji iliyozeeka, hutoa gesi ya kabonidayoksaidi. Siki hufanya kazi hiyo hiyo, na kwa mtu asiye na vifaa hiki ni kipimo cha kuaminika cha kujua kama udongo una chokaa huru. Hakisemi kiasi, husema ipo.

Hapo maelezo ya kisa yalianza kushikana. Mndimu hupendelea udongo wenye tindikali kidogo, pH ya kati ya 5.5 na 7 hivi (pH ni kipimo cha tindikali na kinyume chake, alkali; namba ikipanda, alkali imezidi). Saruji mbichi ina pH inayozidi 12, na jivu la kuni au la mkaa linazidi 10. Kadiri alkali inavyopanda, chuma kilichomo udongoni hugeuka kuwa umbo lisiloyeyuka, na zinki na manganizi hufuata nyuma yake. Madini yapo, tena pengine kwa wingi, lakini mzizi hauwezi kuyanywa. Kila kilichoongezwa, jivu, chokaa ya shina iliyokuwa inabanduka, maji ya sabuni ya unga yenye magadi ndani yake, kilikuwa kinausukuma udongo upande ule ule. Miaka miwili ya mwanzo ilikuwa mizuri kwa sababu mizizi ilikuwa bado ndani ya udongo wa kiriba na wa shimo la kupandia. Ilipotoka nje ya shimo, ikakutana na kifusi.

Mwalimu hakukubali mara moja, na alikuwa na hoja. "Mwanangu, kwetu Amani jivu tumeweka tangu enzi za mama yangu, na mindimu ilizaa mpaka watoto wakawa wanachezea mpira," alisema. Hoja hiyo ni ya kweli, na jibu lake limo ndani ya jina la mahali. Amani iko kwenye milima ya Usambara Mashariki, mvua yake ni nyingi, na udongo wa huko umeoshwa mpaka ukawa na tindikali. Jivu huko hurudisha mizani. Tanga mjini tumekaa juu ya mawe ya matumbawe na chokaa, na mwamba wa chokaa ndio uliochongwa na maji ukawa mapango ya Amboni, na kuumwagia jivu udongo wa namna hiyo ni kuzidisha kilichokwisha kuzidi. Dawa ilikuwa sahihi kwa udongo mwingine.

Msomaji wa pwani atauliza, na ni haki yake kuuliza, mbona mindimu mizee ipo katika nyua nyingi za Tanga, Pangani na Pemba, imeota juu ya mawe hayo hayo na inazaa bila kunyunyiziwa kitu. Mndimu ni mvumilivu wa chokaa ya asili, na hata Florida, nchini Marekani, ndimu zililimwa kwenye mwamba wa chokaa mtupu, ingawa wakulima wa huko walilazimika kunyunyizia zinki na manganizi kwenye majani na kuweka kwenye udongo chuma cha kutengenezwa, kile kisichogandishwa na chokaa. Tofauti iko katika kiwango. Chokaa ya asili huufikisha udongo kwenye pH ya 8 na kidogo, halafu hutulia. Saruji na jivu huuvusha hapo, na kwa kuwa kipimo cha pH hupanda kwa mara kumi kila daraja, hatua inayoonekana ndogo kwenye karatasi ni kubwa kwa mzizi. Pia mndimu mzee wa uani huwa umejipatia mifuko ya udongo mwekundu na majani yaliyooza katikati ya mawe, hunyweshwa na mvua peke yake, na hakuna anayeuhudumia kila siku. Nathubutu kusema kwamba mindimu hiyo imesalimika kwa kuachwa.

Sasa maji. Kisima cha nyumba hii kina maji ya munyu, si ya kutema, lakini sufuria inayochemshiwa maji yake hubaki na ukoko mweupe ulioganda ukutani. Jamii yote ya michungwa haivumilii chumvi, na chumvi hujikusanya kwenye ncha za majani ya zamani, ambako huunguza. Zile ncha za kahawia zilitoka hapo. Kumwagilia kidogo kidogo asubuhi na jioni kulizidisha tatizo, kwa sababu maji machache hukauka yakiwa juu na kuacha chumvi yake kwenye mizizi, ambapo maji mengi ya mara moja huisukuma chumvi chini. Juu ya hayo, samadi ya kuku ikiwekwa mbichi nayo huwa na chumvi nyingi.

Mambo madogo yaliyobaki hayahitaji maelezo marefu. Mndimu dume haupo. Mpapai una dume na jike, lakini ua la mndimu hubeba sehemu za kiume na za kike pamoja, na kupukutika kwa maua mengi ni kawaida hata kwa mti wenye afya, ambao hubakiza sehemu ndogo tu ya maua yake. Misumari haikuupa mti chuma chochote, maana kutu haiyeyuki kuingia kwenye utomvu. Ilichofanya ni kufungua majeraha mawili yaliyokuwa yanachuruzika gundi ya rangi ya chai, mlango mzuri kwa fangasi wa kuozesha gome. Sisimizi wekundu wa mtini, wale tunaowaita maji moto, walikuwa na kiota kimoja, na Mwalimu alitaka wachomwe. Nilishauri waachwe. Hula viwavi wa vipepeo, wale ambao wakiwa wadogo hufanana na mavi ya ndege, na mti huu, pamoja na udhaifu wake, haukuwa na jani hata moja lililoliwa. Hasara yao ni kwamba huwalinda vidukari na wadudu gamba wanaowapa utamu, kwa hiyo wanahitaji kutazamwa, na mchumaji atang'atwa.

Lilikuwepo pia chipukizi nene lililotoka chini ya kiungo cha kubebeshea, lenye miiba mirefu na majani mapana kuliko mengine, ambalo lilikuwa limefungwa kwenye mti wa kulisimamisha kwa sababu lilionekana kuwa tumaini la baadaye. Lilikuwa limau, mche wa chini uliobebeshwa ndimu juu yake, na lingeachwa lingeuteka mti mzima. Lilikatwa siku hiyo hiyo, sawasawa na gome, na Mwalimu alilisikitikia kuliko kitu kingine chochote tulichofanya.

Matibabu yalianza kwa kuacha. Jivu, maji ya kufulia, samadi mbichi na chokaa ya shina vilikomeshwa, misumari ikang'olewa na majeraha yakasafishwa mpaka kwenye gome zima. Kifusi hakikuondolewa kwa mara moja, kwa kuwa mti ulikuwa umebakiwa na mizizi michache ya kulia na kuikata yote kungeuua. Tulifukua robo ya mzunguko, chini ya ukingo wa matawi, tukajaza udongo mwekundu uliochanganywa na samadi ya ng'ombe iliyooza na majani yaliyovunda, na robo nyingine zikasubiri mpaka mizizi mipya ionekane kwenye ile ya kwanza. Kazi hiyo ilipangwa iangukie mwanzo wa mvua, masika na kisha vuli, ili mizizi iliyoguswa isikutane na jua la kaskazi. Juu ya udongo mpya yaliwekwa matandazo ya majani makavu, yakiachwa mbali na shina kiasi cha shibiri, kwa kuwa gome la mndimu likifunikwa na unyevu huoza.

Jirani mmoja alipendekeza salfa ya unga, ile inayopulizwa kwenye mikorosho. Ni kweli kwamba salfa hugeuzwa na bakteria wa udongoni kuwa tindikali na kushusha pH, lakini mahali penye kifusi kinachochemka kwa tone la ndimu, tindikali hiyo itamalizwa na chokaa kabla haijafika popote, na fedha itakuwa imemwagwa. Kifusi huondolewa kwa koleo. Pale ambapo udongo ulikwisha kubadilishwa, naitrojeni ilipohitajika tuliweka SA (mbolea ya salfeti ya amonia) kwa kiasi kidogo, wakati wa mvua tu, kwa kuwa SA huacha tindikali udongoni, na tukaepuka CAN, mbolea nyingine ya naitrojeni, ambayo ina chokaa ndani yake.

Kwa kuwa udongo hurekebishika polepole, majani yalisaidiwa moja kwa moja kwa mbolea ya majani, ile inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo kwa jina la busta, iliyochaguliwa kwa kusoma lebo na kuhakikisha ina chuma na zinki, kwani nyingi zinazosifiwa ni naitrojeni iliyotiwa rangi. Ilipulizwa kwa kipimo cha lebo, alfajiri, wakati machipukizi yamefikia nusu ya ukubwa wake; jani lililokomaa lina nta inayozuia dawa, na jani changa mno huungua. Baada ya upulizaji wa kwanza Mwalimu alituma picha akidhani mti umepata ugonjwa mpya: majani ya njano yalikuwa yametapakaa vidoa vya kijani, vingine vidogo kama punje ya mtama. Kila kidoa kilikuwa mahali tone lilipotua. Chuma hakisafiri ndani ya jani, kwa hiyo kilikoza rangi pale pale kilipoguswa na si penginepo. Sijui uthibitisho ulio wazi zaidi ya huo kwamba kilichokosekana kilikuwa chuma, na ulitufundisha pia kupuliza kwa ukungu mwembamba, juu na chini ya jani.

Maji ya kisima yalibaki ya kudekia. Mti sasa hunyweshwa mara moja au mbili kwa wiki wakati wa kiangazi, maji mengi kwa pamoja, kutoka kwenye pipa la kuvunia mvua ya bati, na pipa likiisha, maji ya bomba. Mwalimu alihofia gharama, lakini unyweshaji wa kila siku ulikuwa unatumia maji mengi kuliko huu.

Machipukizi ya baada ya vuli upande wa robo zilizochimbwa yalitoka ya kijani bila kupulizwa, na masika yaliyofuata maua ya upande huo yalishika. Ndimu zake zilichumwa miezi mitano hivi baadaye, nyembamba za ganda na zenye maji, zikatosha mtungi wa achari. Majani ya zamani yaliyoharibika kwa zinki hayakurudi kuwa mapana, na hayatarudi. Yanadondoka kwa zamu yake.

Upande wa ukutani haujapona. Hapo hapakuchimbwa, kwa sababu msingi wa jiko uko karibu na bomba la maji machafu linapita chini yake, na mizizi ya upande huo bado inakula kwenye saruji. Matawi yake huchipua ya njano kila msimu na huhitaji kupulizwa masika na vuli. Nimeshauri yapunguzwe taratibu, mti uegemee upande wa uani wenye udongo mzuri, na ukuta wa jiko upakwe rangi ya maji badala ya chokaa inayobanduka. Mwalimu amekubali rangi. Matawi amesema tusubiri mwaka mmoja zaidi.